Radi Ikipita, Tazama Nyaya za Nyumba

Msomaji mpenzi, siku hizi umeme umeingia hata katika vijiji vya migombani, na taa zawaka mahali ambapo baba zetu walikaa na koroboi. Ni neema kubwa. Lakini kila neema ina utunzaji wake, na leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi hulipuuza: yafaa kufanya nini nyumbani baada ya radi kupiga?

Sisi wa Kagera, kando ya Ziwa Viktoria, twaijua radi. Mwezi wa Aprili 2023 iliupiga mparachichi ulio hatua kumi tu kutoka nyumba yangu. Watu wote tulisalimika, Mungu ashukuriwe. Redio ilikufa, balbu mbili zikapasuka, na soketi ya sebuleni ikawa nyeusi kama chungu. Lakini taa za vyumbani ziliwaka bado. Majirani wakasema, “Una bahati, mambo yamekwisha.” Wengine wakanong’ona neno baya zaidi, ya kuwa radi ile imetumwa, wakamtaja mzee mmoja ambaye tulikuwa na shauri naye juu ya mpaka wa shamba.

Nilizima swichi kuu, nikawakataza watoto wasiguse kitu, tukakaa kwa tochi siku nne hata fundi alipofika kutoka mjini. Mama watoto aliuliza, na kwa haki, kama fedha ile isingefaa zaidi kwa ada ya shule. Nikamjibu, “Ada tutaikopa; mtoto akiungua hatuna pa kumkopa.”

Sikiliza basi alivyofanya fundi, upate kuupambanua ukaguzi wa kweli na ule wa kupita tu. Mita na waya utokao nguzoni alivitazama kwa macho, hakuvigusa. Hivyo ni vya shirika la umeme, na vikiwa na dosari huitwa watu wake. Kisha akafungua soketi na swichi moja moja, akinusa harufu ya kuungua na kutafuta masizi. Akapanda darini. Halafu akatoa balbu zote, akachomoa vyombo vyote, akaleta kipimo kinachosukuma umeme wa volti 500 ili kuona kama unavuja kupitia ganda la waya. Waya mzima hautakiwi kupungua megaomu 1. Nyaya za jikoni zilipita vizuri. Zile za chumba cha watoto hazikufika hata nusu.

Hapo ndipo penye hatari, ndugu yangu. Radi yaweza kubeba ampea 30,000 kwa kitambo kifupi kuliko kupepesa jicho. Nguvu hiyo hutoboa ganda la waya tundu dogo lisiloonekana kwa macho. Taa itawaka kama kawaida, labda miezi mingi, kumbe umeme wavuja na joto laongezeka, hata usiku mmoja dari ishike moto. Taa kuwaka si ushahidi wa uzima. Waya wetu ulikuwa umeungua juu ya ubao wa dari, sawasawa na kitanda cha watoto.

Mwisho fundi alifukua fimbo ya shaba iliyo ardhini, ambayo kazi yake ni kuupokea umeme uliozidi. Kiungo chake kilikuwa kimeliwa na kutu na kuachana kabisa. Umeme ulikosa njia hiyo, ukajitafutia nyingine ndani ya nyumba.

Kipande kile cha waya sikukitupa. Niliwaita majirani, na yule mzee pia, nikawaonyesha. Radi hupenda kitu kirefu kuliko vyote vilivyo karibu, na mparachichi ule uliipita migomba yote. Tangu 1752, watu wa Ufaransa walipofuata shauri la Benjamin Franklin, wakasimamisha fimbo ndefu ya chuma na kupata cheche kutoka wingu la mvua, yajulikana kuwa radi ni umeme, wala haina mtu wa kuituma. Mzee alikigeuzageuza kipande kile, akasema tu, “Basi sasa mtanisalimia.” Shauri la mpaka bado liko mbele ya baraza, lakini salamu zimerudi.

Kwa hiyo, msomaji, radi ikipiga karibu nawe, zima swichi kuu ikiwa ni kavu na haina dalili ya kuungua. Ukisikia harufu ya moto, toa watu nje kwanza. Usipande darini mwenyewe, wala usimwite kijana ajuaye kubadili balbu tu. Tafuta fundi mwenye leseni na kipimo. Mwambie akague fimbo ya ardhini pia. Na kabla mvua haijafika, chomoa redio na televisheni kwenye soketi, maana kuzima swichi yake peke yake hakutoshi. Waya haugharimu kama nyumba, na nyumba haigharimu kama mtu.