Gesi Haiishi

Ndugu msomaji, niseme mapema neno ambalo mafundi wengi hawapendi mteja alijue: gesi ya kiyoyozi haiishi. Si mafuta ya taa kwamba inaungua, wala si maji ya rejeta kwamba yanakauka. Ile gesi iliyowekwa kiwandani inazunguka humo humo kwenye mabomba ya shaba, huku ni kimiminika, kule ni mvuke, inabeba joto la chumbani na kulitupa nje, mwaka hadi mwaka. Ikipungua, imetoka. Na kama imetoka, pana tundu. Sasa yule fundi anayekuja na mtungi begani, akajaza, akapokea chake na kuondoka bila kulitafuta tundu, amekuuzia kitu ambacho kitapotelea hewani kabla ya masika. Kisha atakuja kukuuzia tena.

Mimi nilimaliza kidato cha nne, matokeo yakaja kama yalivyokuja, nikaingia karakana ya mjomba hapa Runzewe. Ninachotaka hasa ni kuandika riwaya, na daftari la pili linakaribia kujaa. Washikaji wa kijiweni wananicheka: mtunzi gani ananuka mafuta ya kompresa? Nawajibu kwamba Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha, na forodha haikumzuia.

Kwa asiyeijua Runzewe, ni mji wa barabarani, wilaya ya Bukombe. Zamani tulihesabiwa Shinyanga, tangu 2012 tuko mkoa wa Geita. Malori ya Rwanda na Burundi yanapita usiku na mchana. Wachimbaji wadogo wanatoka machimboni na vumbi lao, na wanunuzi wa dhahabu wanakuja na vibegi wanavyolala navyo kifuani. Watu wa namna hii wakipata hawataki kulala kwenye joto, ndiyo maana gesti zetu siku hizi zina viyoyozi. Majumbani ni vya kuhesabu. Mkate wetu wa kila siku ni mafriji ya soda.

Basi kuna mama mmoja mwenye gesti. Kiyoyozi cha chumba namba 4 kilijazwa gesi mara tatu ndani ya mwaka mmoja na fundi mpita njia. Mara ya nne akatuita sisi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Gesi imeisha tena. Jazeni upesi, nina mgeni saa kumi."

Mjomba hakufungua mtungi. Kwanza alitoa chujio la mashine ya ndani akalipuliza vumbi, maana chujio likiziba mashine inaganda barafu na mtu akadhani ni gesi. Akaangalia feni zote mbili. Kisha akaiwasha na kwenda nje kushika mabomba. Lile jembamba lilikuwa na utando wa barafu, na lile nene, ambalo lingetakiwa kuwa baridi na kutoa jasho, lilikuwa vuguvugu. Hapo ndipo akafunga geji. Mashine ile inatumia R410A, ambayo upande wa chini hucheza kwenye psi 115 hadi 130 hivi. Yetu ilisoma 60 na kitu.

Hapa niwape siri nyingine. Ukipima mashine ikiwa imezimwa, geji haikuambii kiasi cha gesi. Maadamu humo ndani kumebaki kimiminika kidogo, presha inafuata joto la siku tu. Nimeona mteja akionyeshwa geji ya mashine iliyozimwa kama ushahidi, naye akatikisa kichwa na kutoa noti.

Mjomba alinivuta pembeni. "Dogo, kodi ya fremu ni mwisho wa mwezi. Kujaza ni saa moja. Kutafuta ni siku nzima, na naitrojeni mpaka itoke Kahama. Mama mwenyewe ametaka kujaziwa."

Nilimwambia, "Ni kweli mjomba. Lakini na sisi tutakuwa wa nne."

Akanyamaza. Sijui kama ni maneno yangu au ni barafu ile iliyokuwa ikimtazama. Alirudi kwa yule mama akamwambia, "Mama, nikikujazia leo nitakuwa nakuibia. Pana mahali panavuja."

"Na nikikulipa utafute, usipoona?"

"Usinilipe."

Nilihisi tumbo likikaza. Kodi ile na mimi inanihusu, nalala humo humo kwenye fremu. Tundu la kiyoyozi linaweza kuwa dogo kuliko ncha ya sindano, tena likawa ndani ya ukuta, bomba linakopita.

Mgeni wa saa kumi alihamishiwa namba 6. Mtungi wa naitrojeni ulikuja kesho yake na lori. Wapo mafundi wanaotumia oksijeni ya kuchomelea kwa sababu iko karibu. Usithubutu, ndugu yangu. Oksijeni yenye presha ikikutana na mafuta ya kompresa inalipuka, na watu wamekufa kwa hilo. Naitrojeni ni mpole. Mjomba aliipandisha hadi psi 300, chini ya kikomo kilichoandikwa kwenye kibao cha mashine, nami nikashika brashi na povu la sabuni. Yeye alijifunza kazi kwa mzee aliyekuwa akitumia taa ya moto: gesi za zamani zenye klorini ziligeuza mwali kuwa wa kijani. R410A haina klorini, kwa hiyo taa ile haina cha kuonyesha. Tumerudi kwenye sabuni.

Kabla ya povu nilitafuta mafuta. Gesi husafiri na mafuta ya kompresa, na inapotokea huacha doa, na Runzewe doa la mafuta halikai dakika mbili bila kushika vumbi. Nikaliona kwenye nati ya bomba nene, kwenye mashine ya nje. Nikapaka povu. Kimya. Nikahesabu moyoni hadi ishirini, ndipo kiputo kimoja kikavimba, kikapasuka, kikavimba kingine.

Nati ilikuwa imepasuka kwa urefu, ufa mwembamba kama unywele. Mjomba aliinusa, akacheka peke yake. Mashine ile imefungwa chini, futi moja hivi toka ardhini, kwenye uchochoro ambao madereva wa malori hukojoa usiku. Mkojo ukichacha hutoa amonia, na amonia ikikutana na brasi iliyokazwa sana, brasi hupasuka taratibu. Yule mama alipoelezwa alishika kiuno. "Kwa hiyo mwaka mzima nawalipia mikojo yao?"

Tulikata ncha ya bomba, tukaipanua upya, tukaweka nati mpya na kukaza kwa spana mbili ili bomba lisijinyonge. Povu likaoshwa, maana sabuni nyingine nazo hula shaba. Kisha pampu ya kuvuta hewa, zaidi ya nusu saa, na kuifunga tukitazama kama sindano itarudi. Haikurudi. Mwisho mtungi ukageuzwa kichwa chini juu ya mizani, kwa sababu R410A ni mchanganyiko wa gesi mbili na lazima iingie ikiwa kimiminika, tukapima gramu zile zile za kwenye kibao.

Barabara inayopita mlangoni kwetu, ukiifuata mpaka Rusumo ukavuka daraja, itakufikisha Kigali. Huko ndiko Oktoba 2016 mataifa yalikubaliana kupunguza gesi za ukoo huu. Hazili tabaka la ozoni kama R22, ila kilo moja ya R410A hupasha dunia joto, kwa kipimo cha miaka mia, sawa na tani mbili hivi za kabonidioksaidi. Nilipiga hesabu daftarini: kama namba 4 ilipoteza kilo moja na nusu mwaka ule, ni tani tatu, kutoka kwenye ufa ambao nisingeuona bila sabuni.

Baada ya kulipia naitrojeni na lori, mjomba alibaki na fedha kidogo kuliko za kujaza. Kodi tulilipa kwa kuchelewa wiki mbili, na mwenye fremu alisema maneno. Chumba namba 4 kina mwezi wa tisa, hakijatuita.

Yule mama ameweka matawi ya miiba kwenye uchochoro wake. Madereva wamehamia ukuta wa jirani. Jirani naye kafunga kiyoyozi mwezi uliopita, mashine ya nje iko chini vile vile.