Mafua ya Ocoa

Mama mkwe wangu hakuanza kwa kunifundisha kupika. Alianza kwa kunikataza kufungua friji nikiwa nimetoka kupiga pasi. Mikono ikiwa bado ina joto la pasi, alisema, baridi ya friji itaingia mwilini na kukaza mishipa, mdomo utakwenda upande na mkono hautanyooka tena. Maradhi hayo waliyaita pasmo, na kila mtu pale kijijini alikuwa na shangazi au jirani aliyewahi kupatwa nayo. Kwa sababu hiyohiyo hukuoga ukiwa na jasho, na hukutoka nje usiku kichwa wazi, maana kulikuwa na umande wa usiku, sereno, ambao uliogopwa kuliko mvua yenyewe. Wanaume wazima, wenye mapanga kiunoni, walirudi kutoka baraza la jirani saa mbili usiku wakiwa wamejifunika taulo kichwani.

Huo ulikuwa mwaka 1980, kwenye milima ya San José de Ocoa, Jamhuri ya Dominika. Mimi ni mtu wa Tanga. Nilifika huko kwa kupitia Moscow, nilikokwenda kusoma miaka ya 70 katika Chuo Kikuu cha Patrice Lumumba, na hapo ndipo nilipokutana na mume wangu. Katika ile miaka 12 ya utawala wa Rais Joaquín Balaguer, kuanzia 1966 hadi 1978, vijana wengi wa mrengo wa kushoto wa Dominika waliishi nje ya nchi yao, wengine kwa masomo, wengine kwa kukimbia. Balaguer aliposhindwa uchaguzi na Antonio Guzmán akashika nchi, wakaanza kurudi. Sisi tulirudi kimbunga David kikiwa kimeshapita. Kilipiga tarehe 31 Agosti 1979 na kuua watu zaidi ya 2,000. Tulipopanda Ocoa mashamba ya kahawa yalikuwa yamelala chini, barabara zimemegeka, na vijiji vingine vilikuwa vinateka maji mtoni. Padre Luis Quinn, Mkanada aliyekuwa huko tangu miaka ya 60, alikuwa akizunguka milimani kuwapanga watu wachimbe upya mitaro ya mabomba, na mume wangu alishinda naye huko.

Mimi nilibaki na mama mkwe, na nilibahatika kwa hilo. Yeye ndiye aliyekuwa mama wa afya wa kijiji. Wizara ilikuwa na mpango wa kuchagua mwanamke mmoja katika kila kijiji, kumpa mafunzo mafupi, mizani ya kupimia watoto, daftari la chanjo na sanduku la dawa chache. Sanduku hilo lilikaa juu ya kabati sebuleni, kando ya picha ya Bikira wa Altagracia na sanamu ndogo ya José Gregorio Hernández, yule daktari wa Venezuela aliyevaa suti nyeusi na kofia, ambaye watu walikuwa wakimwomba kama mtakatifu miaka mingi kabla Kanisa halijamtangaza. Wagonjwa walioingia kutafuta vidonge walipiga kwanza ishara ya msalaba mbele ya daktari yule wa udongo. Sikuona hata siku moja mtu akiona tatizo katika hilo.

Lakini neno nililolisikia kuliko yote lilikuwa gripe, yaani mafua. Kwetu Tanga mtu mwenye mafua anafuta pua na kwenda kazini. Ocoa mwenye mafua alikuwa mgonjwa, na ugonjwa wake ulikuwa na wageni. Asubuhi jirani wa kwanza aliita kutoka uani, "Umeamkaje?" na aliyelala ndani alijibu kwa urefu: koo hivi, mgongo hivi, usiku ulikwenda hivi. Jirani hakuondoka bila kutoa dawa. Huyu alisema tangawizi na asali, huyu mchaichai, huyu kitunguu kilichochemshwa, huyu ute wa mshubiri uliochanganywa na ndimu. Usiku nyayo zilipakwa Vicks na kuvalishwa soksi. Kuoga, hapana. Kufikia siku ya tatu mgonjwa alikuwa ameshakunywa chai ya kila ua la mtaa, na ilimbidi aseme ni ipi iliyomsaidia, naye kwa adabu alizitaja zote.

Nilidhani ni woga. Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza nikaona vingine. Mzazi huko hukaa siku arobaini, kama kwetu, na wao kipindi hicho hukiita riesgo, maana yake hatari. Nilifungwa kitambaa kichwani na kutiwa pamba masikioni. Nilinyweshwa supu ya kuku na chokoleti nzito iliyopikwa kwa maji. Dirisha la upande wa upepo lilizibwa kwa blanketi. Mama mkwe aliamka kabla ya alfajiri kukoka moto, na wanawake walipokezana kufua nguo zangu ili nisishike maji baridi. Kwenye kifundo cha mkono wa mtoto walifunga shanga nyeusi ya kumkinga na jicho baya, nami nikakumbuka hirizi alizovishwa mdogo wangu Tanga. Sijui ni kiasi gani cha mambo yale kiliulinda mwili wangu. Ninachojua ni kwamba katika nchi ya ugenini, bila mama yangu, sikuwa peke yangu hata usiku mmoja.

Daktari alikuja baadaye. Sheria ya Dominika inamtaka daktari mpya atumikie mwaka mmoja kwenye zahanati ya kijijini kabla ya kuruhusiwa kufanya kazi kwingine, na watu humwita pasante. Wetu alikuwa kijana mwembamba kutoka Santo Domingo, msomi kwelikweli, mwenye moyo safi. Zahanati ilikuwa vyumba viwili vya matofali, ng'ambo ya barabara kutoka nyumbani kwetu. Juma la kwanza foleni ilifika barabarani. Kuamini daktari halikuwa jambo gumu kwa watu wale. Daktari waliyemtaka alikuwa kidogo chini ya Mungu. Walimvalia nguo za kanisani. Walimletea mihogo, maparachichi, na mkungu wa ndizi ulioachwa mlangoni bila jina.

Akawaambia kweli. Alimpima mzee mmoja aliyekuja na mafua, akamsikiliza mapafu, akamwambia hana ugonjwa wowote: anywe maji, apumzike, yatapita yenyewe. Hakumwandikia kitu. Mzee alishukuru, akavaa kofia, akatoka. Hakurudi nyumbani. Alishuka hadi mjini, kwenye duka la dawa, na muuzaji akamchoma sindano ya penisilini na kumuuzia chupa ya vitamini. Siku hizo hapakuwa na wa kukuuliza cheti; hata kiduka cha kijijini, kando ya mchele na dagaa wa kopo, kilikuwa na vidonge vya homa vya kuuzwa kimojakimoja. Sindano ndiyo iliyoaminiwa, kwa sababu iliuma. Na zaidi ya sindano, dripu: mtu aliyejisikia mchovu alikwenda kulipa atundikiwe chupa ya maji, akatoka akisema ameongezewa nguvu.

Ndani ya mwezi foleni ilikwisha. Kijana akawa anakaa mlangoni na kitabu. Alimwambia mama mkwe kwamba watu hawa hawataki sayansi.

Mama mkwe alimjibu nikiwepo. "Daktari, mwanangu, yule mzee ametembea saa mbili. Hakuja kukuuliza kama mafua yataua. Anajua hayataui. Amekuja uyaone."

Kijana aliuliza, kwa heshima, alitakiwa kumpa nini sasa, sindano isiyo na kazi?

"Ungemuuliza amekunywa chai gani. Akikwambia, ungesema hiyo ni nzuri, aendelee nayo, na uongeze neno lako. Angerudi mlimani akisema daktari amemjulia hali."

Sidhani alikubali siku ile. Kilichombadilisha ni mtoto wa jirani, na nakumbuka saa zile zote.

Ilikuwa msimu wa mvua, na mtoto hajafika mwaka. Aliharisha siku mbili. Mama yake alisema ni meno. Mkwewe alisema ni jicho, kwa sababu mwanamke mmoja sokoni alimsifu mtoto bila kusema Mungu ambariki. Basi wakampeleka kwa bibi aliyeombea watoto, mwanamke mzee sana aliyeishi chini ya mwembe, na mimi nilifuatana nao. Bibi alichukua kitawi cha mrihani, akamchora mtoto msalaba kwenye paji la uso, kifuani na tumboni, akinong'ona dua zake. Kisha akaweka kiganja juu ya utosi. Akanyamaza. Utosi ulikuwa umebonyea, ngozi imezama kama kisahani. Akaweka mrihani chini.

"Hii si ya kuombea," alisema. "Hii ni ya daktari. Sasa hivi."

Naye akasimama, mzee vile, akatangulia njiani.

Daktari alibana ngozi ya tumbo la mtoto kwa vidole viwili akaiachia. Ilibaki imesimama, ikarudi polepole. Macho yalikuwa yameingia ndani, analia bila machozi. Lakini bado aliweza kumeza. Daktari akafungua pakiti ya ule unga ambao Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeanza kuusambaza: gramu 20 za glukosi, gramu 3.5 za chumvi ya kawaida, na kidogo cha chumvi nyingine mbili, kwa lita moja ya maji yaliyochemshwa. Akamimina kwenye kikombe, akampa mama kijiko.

Mama wa mtoto alimtazama kana kwamba ametukanwa. Alitaka dripu. Alikuwa ameiona chupa imetundikwa ukutani. "Mtoto wangu anakufa, unampa maji ya kunywa?"

Kijana akaanza kueleza: utumbo, chumvi, sukari inavyoivuta chumvi iingie mwilini na maji yakaifuata. Yote kweli. Jarida la Lancet lilikuwa limeshaandika mwaka 1978 kwamba ugunduzi huo huenda ndio mkubwa kuliko wote wa tiba katika karne ile. Mama hakusikia hata neno. Bibi wa dua ndiye aliyevuta kiti, akampakata mtoto, akachukua kijiko. "Daktari, kila baada ya muda gani?" Akaambiwa kila dakika, kidogokidogo, na akitapika wasubiri kisha waanze tena. Bibi akanyanyua kijiko, akasema bismillahi ya kwao, akamtia mtoto mdomoni. Mtoto akatapika. Wakasubiri. Wakaanza tena. Mama akakaa sakafuni kando ya bibi, na baada ya kitambo akaomba kijiko.

Daktari hakuondoka. Alikaa kwenye benchi lilelile walilokaa wao, akihesabu pumzi za mtoto, na mama mkwe akawaletea wote chai ya tangawizi. Usiku ulipoingia mtoto alikojoa mapajani mwa bibi. Ndipo daktari alipocheka kwa sauti, mara ya kwanza tangu aje. Bibi akamwambia, "Mungu akubariki, mwanangu," maneno ambayo mkubwa huko humwambia mdogo anayemwamkia.

Kuanzia hapo alianza kila mgonjwa kwa swali la chai. Alikuwa na daftari la majani yao. Mengine aliyakataza bila kuzunguka, hasa ya kuwapa watoto wachanga, na walimtii, kwa sababu alikuwa ameyasifu mengine. Na bibi wa dua alimletea watoto wenye utosi uliobonyea kabla hata hajawaombea. Mwaka wake ulipokwisha kijiji kilimsindikiza hadi barabara kuu.

Husikia watu waliosoma wakisema kwamba wanyonge wa nchi zile hung'ang'ania majani kwa sababu ya mila. Mimi nilikuwepo Aprili 1984, serikali ya Salvador Jorge Blanco ilipopandisha bei kwa masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa, na vyakula na dawa kutoka nje vikawa havishikiki. Tarehe 23 Aprili watu waliingia mitaani, wanajeshi wakafyatua risasi, na waliouawa walikuwa makumi kwa makumi. Huku kwetu mlimani hapakupigwa risasi. Kilichotokea ni kwamba mama mmoja mwenye presha, aliyekuwa akimeza vidonge vyake kama alivyoambiwa na kumsifia daktari kila Jumapili, alianza kununua vidonge viwili kwa wiki. Kisha kimoja, akikikata nusu kwa kisu cha jikoni. Kisha akarudi kwenye majani ya mstafeli na maji ya tayota, lile boga dogo la kijani la kule. Mtu angemkuta wakati ule angeandika kwamba ni mshirikina. Cheti chake cha dawa alikuwa nacho, kimekunjwa vizuri, na aliweza kukutajia kila dawa iliyoandikwa humo na bei yake.

Pasante wa mwaka ule alikuwa msichana kutoka Santiago. Naye alikuja na desturi ya kuandika dawa nne au tano, maana karatasi ndefu ilikuwa dalili ya daktari hodari, na wagonjwa walipenda hivyo. Mama mkwe alimwonyesha mama wa presha na kile kisu. Tangu hapo msichana yule aliandika dawa moja, ile isiyoachika, na kabla ya kuandika aliuliza, "Mama, una pesa kiasi gani leo?" Wa kwanza kuulizwa waliona aibu. Baada ya majuma machache walikuwa wanaitaja wenyewe, wakiwa bado mlangoni, kabla ya kusema wanaumwa wapi.