Mwalimu Mmoja, Mwanafunzi Mmoja

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Methali hii tumewafundisha watoto miaka nenda miaka rudi, lakini ni walimu wachache tuliojiuliza: ainame kwa muda gani? Chuo cha ualimu kilinipa jibu la saa ya ukutani: kipindi cha dakika 40, chenye utangulizi, maarifa mapya, mazoezi na hitimisho. Nilifundisha kwa andalio hilo mpaka nikastaafu, nalo lilinifaa. Jibu jingine nililipata katika muziki wa India.

Kaseti ya kwanza ya Gangubai Hangal nilipewa na fundi cherehani wa Kihindi mjini Tanga. Amsikiaye kwa mara ya kwanza hudhani anaimba mwanamume, maana sauti ni nzito na haina haraka. Tangu hapo nimekuwa nikisoma habari za mama huyu kila ninapozipata.

Alizaliwa Dharwad, kusini mwa India, mwaka 1913. Masomo ya shule hayakumfikisha mbali. Mama yake, Ambabai, alikuwa mwimbaji wa mapokeo ya kusini. Alipoona binti yake anavutwa na mapokeo ya kaskazini, yaani Hindustani, aliacha kuimba ya kwake ili asimchanganye mtoto masikio. Msomaji wangu, hebu litafakari jambo hilo: mzazi ananyamaza ili mwanawe apate sauti.

Baadaye Gangubai alikuwa mwanafunzi wa Sawai Gandharva wa Kundgol. Alipanda gari moshi kutoka Hubli, akafundishwa, kisha akarudi kwake. Raga si wimbo. Ni utaratibu wa sauti: zipi zipande, zipi zishuke, ipi ikaliwe zaidi. Nyingi zina wakati wake: Todi ni ya asubuhi, Yaman ni ya jioni. Mwalimu alimpa kifungu kifupi tu, naye akakirudia tena na tena. Raga alizofundishwa hazikuwa nyingi, ila kila moja ilichimbwa hadi kwenye mizizi.

Mwanafunzi mwenzake, Bhimsen Joshi, alitoroka nyumbani mwaka 1933, akiwa na miaka 11, kwenda kutafuta mwalimu. Alipokubaliwa na Sawai Gandharva, alifanya na kazi za nyumbani kwa mwalimu wake.

Chuoni tuliambiwa kukariri ni adui wa fikra. Naam, ni kweli, iwapo mtoto anakariri ili ajibu mtihani na kusahau. Lakini mwimbaji wa khayal akishapanda jukwaani hairudii kaseti ya mwalimu wake. Huchukua maneno machache, akayajenga upya palepale mbele ya wasikilizaji, polepole kwanza, kisha kwa kasi. Marudio ya miaka ndiyo yanayompa uhuru huo.

Sisemi mtindo huo hauna ila. Mwanafunzi alikuwa mikononi mwa mtu mmoja, na mwalimu asiye mwema angeweza kumtumikisha bure. Tena taifa haliwezi kujenga elimu ya wote kwa mwalimu mmoja na mwanafunzi mmoja. Mimi nilikuwa na watoto 60 katika chumba kimoja.

Hata hivyo kuna jambo moja lisiloniacha. Katika rekodi zake za awali, za miaka ya 1930, Gangubai ana sauti nyembamba ya juu. Kisha alitibiwa koo, na sauti ile ikaondoka, ikaja hii nzito. Kwa mwimbaji, huo ni msiba. Wengine wangekunja mkeka. Yeye alikuwa amefunzwa njia yenyewe, wala si kupendeza kwa sauti tu, hivyo aliipita njia ileile kwa sauti nyingine. Pamoja na dharau waliyopata wanawake waimbaji wa zama zake, aliimba mpaka uzeeni. Mwaka 2002 nchi yake ilimpa nishani ya Padma Vibhushan. Mwaka 2004 alimzika binti yake Krishna, aliyekuwa akiimba ubavuni pake. Alifariki mwaka 2009, akiwa na miaka 96.

Walimu vijana hunitembelea na kulalamika kuwa mada ni nyingi, muhula ni mfupi. Nami huwauliza: katika hizo zote, ni ipi mwanafunzi atabaki nayo siku sauti yake itakapobadilika? Hiyo ipeni muda.