Saa Nane za Mlinzi

Ndugu zetu wa tawi la chama cha wafanyakazi chuoni walitujia, sisi walimu wa Kiswahili, wakitutaka tuwafasirie masharti ya saa za kazi, kwani walinzi na wafagiaji wengi hawasomi Kiingereza. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 haina fumbo kubwa: juma la kazi lisizidi saa 48, afanyaye kazi saa nane kwa siku apewe mapumziko ya nusu saa, saa za ziada zilipwe mara moja na nusu, na siku ya sikukuu maradufu.

Kosa letu lilikuwa katika mstari mmoja tu. Tuliandika: "Zamu ya usiku: kuanzia saa tatu, saa nane." Mzee mmoja wa lango la nyuma aliusoma kama asomavyo Mswahili yeyote, ilipotimia saa nane akafunga lango, akaenda kulala. Sisi tulikusudia muda wa saa nane, yaani hadi saa kumi na moja alfajiri. Kulipokucha akakabidhiwa barua ya onyo.

Tulikwenda ofisini kumtetea, tukakiri kwamba kosa ni letu. Tukaambiwa lugha si udhuru. (Basi sisi tuliajiriwa kufundisha nini?) Tangazo tumeliandika upya, lakini barua ingali ndani ya jalada lake, na chama kimekata rufani. Tupitapo langoni twamwamkia mzee; hutuitikia, "Marahaba, walimu," wala hajatuuliza neno.