Nani Yumo Ndani ya "Tulishinda"?

Jioni ya tarehe 14 Desemba 2010 hakuna mtoto aliyefukuzwa kwenda kulala mtaani kwetu, Kolwezi. Nilikuwa na miaka tisa. Baba alitoa televisheni nje, akaiweka juu ya meza ya kulia, akaunganisha waya kwenye jenereta ya jirani, na ua ukajaa watu kama kwenye matanga. Tout Puissant Mazembe ya Lubumbashi ilikuwa inacheza Abu Dhabi na Internacional ya Brazil, nusu fainali ya Kombe la Dunia la Klabu. Kipindi cha pili Kabangu akafunga. Zikiwa zimebaki dakika chache Kaluyituka akafunga la pili. Kidiaba, golikipa wetu, akakaa chini na kuanza kurukaruka kwa makalio, na wazee wenye heshima zao wakamwiga palepale kwenye vumbi. Klabu ya Afrika ilikuwa haijawahi kufika fainali ile.

Baba alipiga kelele: "Tulibapika mbili!"

Siku nne baadaye Inter ya Milan iliifunga Mazembe tatu bila. Baba alizima televisheni, akakunja waya, akamwambia jirani aliyekuwa anapita njiani: "Balipikwa tatu."

Kati ya Jumanne na Jumamosi sisi tulikuwa tumegeuka wao. Sikuliona jambo hilo wakati ule. Nimeliona miaka mingi baadaye, darasani, mhadhiri wetu wa isimujamii alipotueleza utafiti wa Robert Cialdini na wenzake uliochapishwa mwaka 1976. Walichunguza wanafunzi wa vyuo vikuu vya Marekani ambavyo timu zao za kandanda ya Kimarekani hufuatwa kama dini. Waliona kwamba Jumatatu baada ya ushindi wanafunzi wengi zaidi huvaa nguo zenye jina la chuo. Waliona pia kwamba mwanafunzi akiulizwa habari za mchezo, husema "sisi" zaidi timu ikishinda kuliko ikishindwa. Darasa zima lilicheka. Mimi nilimkumbuka baba akikunja waya.

Tangu siku ile nimekuwa na daftari. Nikiwa Kolwezi wakati wa likizo, huenda kwenye kibanda cha kutazamia mpira katika komini ya Manika, nalipa kiingilio, nakaa nyuma na kuandika viambishi. Si utafiti wa kupewa alama. Ni ugonjwa wa mwanafunzi wa isimu ambaye pia ni shabiki. Lakini lugha yetu inarahisisha kazi. Msemaji wa Kiswahili akishatumia kitenzi kueleza mchezo, lazima achague: *tu-* au *wa-*, au *ba-* kama tusemavyo Katanga. Hawezi kujificha.

Nilichokiona kinafanana na habari za Marekani, ila kina kitu kimoja ambacho sikukitegemea. Timu ikishinda, ni "tulishinda". Ikifungwa kihalali, ni "balipikwa". Lakini ikifungwa na watu wakaamini kwamba refa alipendelea, *tu-* inarudi kwa mlango wa nyuma, mahali pa mtendwa: "Alituibia." Kwa hiyo shabiki huwa mmoja wa timu katika furaha na katika kuonewa. Anapoikimbia ni pale tu inapocheza vibaya.

Hiyo *tu-* ya Mazembe ilianza ikiwa ndogo sana. Mwaka 1939 watawa wa Kibenedikto waliokuwa wakiongoza shule ya Saint-Boniface huko Elisabethville, Lubumbashi ya leo, waliunda timu wakaiita Saint-Georges. Ilikuwa timu ya shule: vijana wachache, uwanja mmoja, mapadri pembeni. Baadaye ikachukua jina la Englebert, kampuni ya matairi ya Ubelgiji, na kwa jina hilo ikatwaa Kombe la Klabu Bingwa Afrika mwaka 1967 na 1968. Enzi ya Mobutu na majina ya kizalendo ikawa Mazembe. Ubingwa ukarudi mwaka 2009, 2010 na 2015. Kila mara *tu-* iliongezeka: kutoka darasa hadi mji, kutoka mji hadi jimbo. Sisi wa Kolwezi tuko kama kilomita 300 kutoka uwanja wa Kamalondo, tuna AS Simba yetu, na bado tunasema "tulishinda" kwa timu ambayo wengi wetu hatujawahi kuiona kwa macho.

Mwaka 2015 Katanga iligawanywa vipande vinne. Kolwezi ikawa makao makuu ya Lualaba, na Lubumbashi ikabaki Haut-Katanga. Ramani ilikatika, kiambishi hakikukatika. Mwaka uleule Mbwana Samatta, Mtanzania, alikuwa akitufungia mabao yaliyotupeleka hadi ubingwa. Yeye anazungumza kile ambacho huku tunakiita Kiswahili bora, chenye "wamefunga" na "tumepiga", na sisi tuna "balifunga" na "tulipika". Hakuna aliyemwambia kwamba si wetu.

Hapo ndipo nataka kukaa kidogo, kwa sababu wapo ambao huambiwa.

Mama yangu alizaliwa Kolwezi. Wazazi wake walitoka Kasai kwa gari moshi kufuata kazi ya mgodi, kama maelfu ya wengine. Mwaka 1993, akiwa na miaka kumi na mitano, alipanda gari moshi hilohilo kurudi mahali ambapo hakuwahi kuishi, kwa sababu Wakasai walikuwa wanafukuzwa Katanga. Wengi walilala stesheni wiki nyingi wakisubiri mabehewa, na wengi walifia njiani. Mama alirudi Kolwezi baada ya miaka mitano akaolewa na baba, ambaye ni Msanga wa hapahapa. Habari za stesheni hazisimulii. Ukimwuliza, anaanza kuchambua mchele.

Miaka michache iliyopita, baada ya Mazembe kushinda, nilikuwa pale kibandani na nilishangilia kama wengine. Papa mmoja ambaye ananijua tangu utoto, na anamjua mama, alicheka na kusema: "Sisi Bakatanga tulishinda. Ninyi bale ba kule, mufurahie yenu." Alikuwa anatania. Alininunulia hata soda. Mimi nilifungua daftari na kuandika kiambishi, kwa sababu sikujua la kufanya na mikono yangu.

Ziko lugha ambazo zingemlazimisha papa yule aeleze wazi. Kimalagasi kina "isika", yaani sisi pamoja na wewe ninayekuambia, na "izahay", yaani sisi bila wewe. Kiswahili hakina mgawanyo huo. *Tu-* ni mlango ulioegeshwa: anayesema anajua kama umekaribishwa, anayesikia anabaki kubahatisha. Ndiyo maana papa yule alihitaji kuongeza "Bakatanga". Kiambishi peke yake kilikuwa kimeniingiza ndani. Ilibidi atafute neno la kunitoa.

Usiku ule niliandika jambo jingine ambalo kila mwanafunzi wa lugha za Kibantu analijua na hakuna anayelifikiria. Kisanga cha baba kina *tu-*. Kiluba kina *tu-*, na Tshiluba cha mama kina *tu-*. Kichokwe, Kiruund na Kibemba pia. Lugha zote zinazokutana kwenye benchi za kibanda kile zinasema "sisi" kwa silabi moja ileile, na ni ya zamani kuliko mgodi, kuliko reli, kuliko Katanga yenyewe. Halafu nilikumbuka kwamba bao la kwanza la Abu Dhabi lilifungwa na mtu anayeitwa Kabangu, jina ambalo upande wa mama utalikuta karibu kila familia. Papa yule alikuwa uani kwetu jioni ile. Alilipiga kelele jina hilo hadi sauti ikakauka.

Sitaki kudai kwamba mpira unaponya. Mwaka 1993 mpira ulikuwepo pia. Nasema tu kwamba sarufi ilikuwa imetuacha wazi, na waliotufungia mlango walikuwa watu.

Kuna fainali nyingine ninayotaka iandikwe. Novemba 2024, nchini Moroko, wanawake wa TP Mazembe waliifunga AS FAR bao moja bila wakatwaa Ligi ya Mabingwa ya Afrika ya wanawake. Ni klabu ya kwanza ya Kongo kufanya hivyo. Kesho yake nilipita kibandani na daftari langu, nikitegemea kuvuna *tu-* tele. Wanaume walikuwa wamefurahi kweli. Walisema: "Bale bamama balishinda!" Mmoja baada ya mwingine: *ba-*. Ushindi wa Afrika, na kiambishi cha kushindwa! Hapo nilitambua kwamba Cialdini hakumaliza maneno. Kushinda peke yake hakutoshi. Mtu anajiunga na mshindi ambaye yuko tayari kufanana naye.

Nyumbani ilikuwa tofauti. Tulitazama fainali ile watatu, baba, mama na mimi. Miezi kadhaa kabla ya hapo nilikuwa nimemwuliza mama: "Mama, wewe Mazembe ikishinda unasemaka nini?" Alifikiri kidogo, akajibu: "Mie nangojaka kwanza nisikie bengine banasema nini." Usiku ule wa Novemba hakungoja. Filimbi ya mwisho ililia, akapiga paja lake kwa kofi na kusema "Tulishinda" kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayetaja bei ya unga. Baba alimtazama. Kisha naye akasema: "Ndiyo, tulishinda."

Watu huniuliza kama Mazembe itarudi kileleni. Upande wa wanaume sina haraka ya kutabiri. Aprili 2024 tulifika nusu fainali ya Afrika, tukatoka sare Lubumbashi, halafu Al Ahly ikatufunga tatu Cairo (naandika "ikatufunga", nimejizoesha). Ligi ya nyumbani imekatizwa zaidi ya mara moja miaka hii, na timu isiyocheza nyumbani haiwezi kukomaa ugenini. Tangu mwaka 1997 klabu imeegemea mfuko na jina la rais mmoja, Moïse Katumbi, ambaye pia ni mwanasiasa; siasa ikipata homa, timu inakohoa. Tumaini langu liko kwenye akademia yao ya vijana na kwa wanawake wale, yaani kwenye kile ambacho Saint-Boniface ilianza nacho: watoto wanaofundishwa.

Na likizo ijayo nitarudi kibandani. Yule papa bado huketi benchi ya mbele. Nimeamua kwamba Mazembe ikifungwa kwa kucheza vibaya, nitasema kwa sauti ili anisikie: "Tulipikwa." Nataka nione atajibu kwa kiambishi gani.