Berlin: Ukumbi Unakoketi Bega kwa Bega na Mpiga Fidla

Je, msomaji, umewahi kulipa kiingilio cha tamasha, ukaishia kuketi nyuma kabisa na kuona visogo vya watu tu? Basi siku ukijaliwa kufika Berlin, mji mkuu wa Ujerumani, usiondoke kabla ya kuzuru uwanja wa Gendarmenmarkt. Hapo, kati ya makanisa mawili yenye minara inayofanana kama mapacha, pana jumba lenye nguzo ndefu na ngazi pana. Hilo ndilo Konzerthaus. Mbele yake imesimama sanamu ya mshairi Friedrich Schiller.

Jumba hilo lilibuniwa na Karl Friedrich Schinkel, likafunguliwa mwaka wa 1821 kwa michezo ya kuigiza. Vita Vikuu vya Pili viliacha gofu. Lilipojengwa upya na kufunguliwa mwaka wa 1984, likawa ukumbi wa muziki, upande wa mashariki wa mji uliogawanywa kwa ukuta.

Humo ndimo palimofanyika matamasha yaitwayo Mittendrin, yaani "katikati kabisa". Iván Fischer wa Hungaria, aliyekuwa kiongozi mkuu wa okestra ya hapo kati ya 2012 na 2018, ni mmoja wa walioyaongoza. Viti vya kawaida huondolewa, wanamuziki wakateremka na kuketi katikati ya ukumbi, nawe hupewa kiti miongoni mwao: pengine kati ya fidla mbili, pengine karibu na ngoma.

Usidhani hapo utausikia muziki ukiwa umelingana vizuri zaidi. La! Ukiwa jirani ya tarumbeta, fidla zitamezwa. Faida yake ni nyingine: utaiona kazi. Utamwona mpiga obo, chombo ambacho ni ndugu wa nzumari ya pwani yetu, akilowesha tete midomoni kabla ya zamu yake. Utamwona mpiga tarumbeta akimwaga maji yaliyojikusanya ndani ya bomba. Na zile besi kubwa zikianza kunguruma, utazisikia kwa nyayo kabla ya masikio.

Utaelewa pia kwa nini hawambandui macho kondakta wao. (Si yule wa matatu, huyu hadai nauli, hushika kijiti.) Sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde. Kwa hiyo ikivuka okestra yenye upana wa mita 20, hukawia karibu sehemu sita za mia za sekunde. Anayengoja kumsikia mwenzake wa mbali ndipo apige, amekwisha kuchelewa. Kila mmoja hulazimika kukiamini kijiti kuliko sikio lake.

Ukumbi huu ulipata kuona watu wakisogezwa karibu kwa namna nyingine. Tarehe 25 Desemba 1989, wiki chache baada ya Ukuta wa Berlin kufunguliwa, Mmarekani Leonard Bernstein aliongoza humo Simfoni ya Tisa ya Beethoven. Waimbaji wa simfoni hiyo huimba maneno ya Schiller, yule yule wa sanamu. Wapigaji walitoka Ujerumani zote mbili, Marekani, Uingereza, Ufaransa na Umoja wa Kisovieti. Watu ambao serikali zao zilielekezeana silaha kwa miaka mingi wakafuata kijiti kimoja. Bernstein akabadilisha neno moja katika shairi: mahali pa "furaha" pakaimbwa "uhuru".

Kwetu, kuketi karibu na wapigaji si jambo geni. Ngoma ya kijijini huchezwa katikati ya watu, na mpigaji huona ni nani amechoka na nani ndiyo kwanza anapamba moto. Mjini tumezoea jukwaa na vipaza sauti, watoto wetu wakadhani muziki hutoka kwenye sanduku.

Nauli ya ndege haihitajiki kurekebisha hilo. Kwaya ya kanisa au bendi ya shule inapofanya mazoezi, omba ruhusa uketi na wanao karibu na wapigaji, si mlangoni. Waonyeshe yule anayehesabu kimoyomoyo huku chombo kikiwa magotini, akingoja zamu yake. Watajua kwamba katika wimbo mzuri hata anayenyamaza yuko kazini.