Toka Rambo Hadi Pampasi

Nikatie kwa chepe kipande cha tope la Mto Msimbazi, pale karibu na daraja la Kigogo, nami nitakukisia mwaka. Juu kabisa ni pampasi na chupa. Ukishuka kidogo unakuta vifungashio vile vyembamba vinavyong'aa. Chini yake ni mifuko ya rambo, imeshikamana na kujaa mchanga hadi chepe linagoma kuingia, na humohumo ndani yake vimelala viroba vya pombe kali, vile vifuko vidogo vya kung'ata kona kwa meno ambavyo zamani vilitupwa kila kituo cha daladala. Sijasomea mambo ya kale. Nimeokota taka tu, kwanza nikiwa mwanafunzi, kisha nikiwa mwalimu ninayeongozana na wanafunzi wangu.

Nilianza nikiwa kidato cha pili, mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika klabu ya Malihai ya shule yetu. Klabu za Malihai zilianza nchini mwaka 1980 kwa ajili ya kuwafundisha vijana habari za wanyamapori, na wengi wetu, tuseme ukweli, tulijiandikisha kwa tamaa ya kupelekwa Mikumi. Mikumi hatukupelekwa. Mlezi wa klabu alikuwa mwalimu wa Jiografia, mtu mkavu asiyecheka ovyo, na alituambia kuwa tembo wa Dar es Salaam anayehitaji kuokolewa anaitwa Msimbazi. Jumamosi iliyofuata tukawa bondeni, sare za michezo, mafagio ya chelewa, reki mbili tatu, na glavu za kugawana moja moja. Aliyepata ya kulia alimtafuta aliyepata ya kushoto wafanye kazi pamoja. Waliokosa kabisa walijifunga rambo mikononi, wakaingia mtoni kuokota rambo.

Siku za namna ile zilikuwa na utaratibu wake. Saa moja asubuhi sisi tumeshafika. Saa nne anafika mgeni rasmi, anashika reki mbele ya kamera, anatuhutubia kuwa sisi ni taifa la kesho, anaondoka. Tunapewa soda na andazi. Sandarusi zilizojaa zinapangwa kwenye ukingo, zinasubiri lori lililoahidiwa. Nilipanda daladala kupita darajani siku chache baadaye, baada ya mvua ya usiku kucha, na zile sandarusi hazikuwapo. Lori halikuja, mto ulikuwa umezifuata wenyewe.

Aliyetufungua macho hakuwa mgeni rasmi. Alikuwa mama mmoja mwenye matuta ya mchicha na matembele hapo bondeni. Tulipomwamkia, "Shikamoo mama," alijibu, "Marahaba wanangu. Leo mmekuja kulima au kupiga picha?" Kisha akatuita tuone. Aliingiza jembe dogo ardhini, akavuta, ikatoka rambo; akavuta tena, nyingine. Kila mafuriko madogo, alisema, yanamletea mbolea na yanamletea rambo, na rambo ikishalala chini maji hayazami na mzizi hauendi. Kwake kuokota taka ilikuwa sehemu ya kulima, kila asubuhi, kabla ya kumwagilia. Na maji ya kumwagilia aliyateka palepale mtoni.

Hilo la maji sikulielewa uzito wake hadi nilipofika chuo. Mwaka 1999 watafiti Bahemuka na Mubofu walikuwa wameshachapisha vipimo vyao vya madini mazito, risasi ikiwemo, katika mboga za majani zilizolimwa kandokando ya mito ya Sinza na Msimbazi. Yaani wakati sisi tunafurahia sandarusi zilizojaa, jambo baya zaidi lililokuwa mtoni halikuokoteka kwa mkono. Reki haishiki risasi. Hata hivyo sikubaliani na wanaosema kwamba kazi yetu ilikuwa maigizo. Bila reki nisingemjua yule mama, na bila yule mama nisingejali kusoma makala ya kemia.

Kisha ikaja Desemba 2011. Nilikuwa nimeanza kufundisha. Mvua ilinyesha siku mfululizo, na bonde lote toka Tabata hadi Jangwani likawa ziwa. Zaidi ya watu 40 walifariki jijini. Waliookolewa kwenye mapaa walilazwa katika madarasa ya shule, na baadaye serikali iliwapa wengi wao viwanja Mabwepande, mbali kabisa na biashara zao za Kariakoo. Wanafunzi wangu walijitolea kugawa uji na kupanga nguo za msaada. Maji yaliposhuka tulirudi bondeni, na safari hii hakuna aliyetaja usafi wa mazingira. Tulisimama tukiangalia makalvati. Yalikuwa yamezibwa na mkorogano wa rambo, matawi, vyandarua na magodoro, mgumu hadi watu waliukata kwa mapanga. Mvulana mmoja wa kidato cha tatu, ambaye kwao maji yalifika dirishani, aliniuliza: hizi rambo ni za hapa Kigogo kweli?

Swali lile ndilo lililobadilisha klabu yetu. Tukaacha kuuliza tumejaza sandarusi ngapi, tukaanza kuuliza zimetoka wapi. Msimbazi una urefu wa kilomita zipatazo 35. Unaanzia kwenye vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe, unapita Tabata, Vingunguti na Kigogo, unakatiza Jangwani, unaingia baharini Salenda. Tukaupanda mto kwa vipande, Jumamosi baada ya Jumamosi. Kule Pugu wanafunzi walivua viatu wakanawa nyuso; maji yalikuwa ya kuonekana kokoto. Kila tuliposhuka yalizidi kuwa na habari za watu. Pembe na kwato zilipoanza kuonekana tulijua machinjio yako karibu. Upande wa Ubungo wazee walitusimulia enzi ambazo kijito kilibadilika rangi kufuatana na khanga zilizopigwa chapa siku hiyo. Na kila mahali, masika yakianza, lile jambo ambalo Dar es Salaam nzima inalijua na haipendi kulitaja mezani: watu kutapisha vyoo, kufungulia shimo la choo ili mvua ibebe uchafu wake.

Tabata tuliketi chini nikawasimulia historia ambayo haimo kwenye mtaala. Dampo la jiji lilikuwa hapo. Mwaka 1988 wakazi, Joseph Kessy na wenzake, waliishtaki Halmashauri ya Jiji Mahakama Kuu kwa sababu ya moshi na harufu, wakashinda, na hukumu ikaigusa haki ya kuishi iliyomo katika Katiba. Dampo likahamia Vingunguti. Huko nako wakazi wakalalamika. Likaenda Mtoni, na sasa liko Pugu Kinyamwezi. Msichana mmoja aliyekuwa anachora ramani aliinua kichwa akasema, "Kwa hiyo mwalimu, taka zimerudi mto unakoanzia." Kijiografia hakukosea sana.

Sherehe za Uhuru za tarehe 9 Desemba 2015 zilifutwa na Rais Magufuli, na siku hiyo nchi nzima ikashika mafagio. Yeye mwenyewe alionekana Feri akizoa taka. Sijawahi kuona glavu zikipanda bei vile. Wafanyakazi wa benki waliingia kwenye mitaro wakiwa na fulana mpya, na Jumamosi ya mwisho wa mwezi ikawa siku ya usafi. Nilifurahi, siwezi kukana. Kwa miezi kadhaa hatukuonekana vichaa. Lakini tope halikubadilika. Tulichimba mwaka uliofuata tukakuta yaleyale, rambo juu ya rambo.

Kilicholibadilisha tope kilikuja bila fagio. Tarehe 1 Machi 2017 viroba vya pombe vilipigwa marufuku. Serikali ilikuwa inafikiria vijana wanaolewa asubuhi, wala si mito, lakini sisi tuliona mtoni. Ndani ya masika mawili vilianza kupungua kwenye tabaka la juu, kisha vikawa nadra, na leo nikimpa mwanafunzi kiroba kilichofukuliwa anakigeuzageuza hakijui. Halafu tarehe 1 Juni 2019 ikawa zamu ya mifuko ya plastiki, rambo zenyewe. Soko zima lilihamia mifuko mbadala ndani ya wiki chache, kwa manung'uniko, na kwa ujanja pia, maana wauza nyanya waligeuza vifungashio kuwa vibebeo. Hata hivyo rambo ilikatika. Miaka yote niliyoinama bondeni haikufikia kazi ya tangazo moja. Nilipolitafakari hilo nilisikia uchungu kidogo, kisha nikaona ni upuuzi kuumia.

Tangu wakati huo tunahesabu. Siku ya Usafi Duniani, kila Septemba, shirika la Nipe Fagio na makundi mengine hujaza fukwe na mito watu, na kutoka kwao tulijifunza kutenganisha taka kwa aina na hata kwa jina la kampuni lililoandikwa juu yake. Wanafunzi wanalipenda hili kuliko kuzoa. Wanakaa juu ya turubai, mmoja anataja, mwingine anaandika, wengine wanabishana kama kandambili ni plastiki au ni viatu. Daftari la klabu limekuwa nene, na ni zito kwa hoja kuliko hotuba zote za wageni rasmi niliowasikiliza.

Mpinzani wetu mkubwa katika hesabu hizo ni mzee mmoja mwokota makopo. Mwanzoni aligombana nasi. "Mwalimu, chupa hizo msizichanganye na uchafu," alisema, "hiyo ni hela mnaitupa." Alikuwa anaziuza kwa kilo kwenye mzani wa chuma chakavu. Basi tukakubaliana: chupa zake, zilizobaki zetu. Ndipo tukagundua kwamba chupa, zinazoonekana nyingi hivyo, tabaka zake chini ya tope ni nyembamba. Zina mwenyewe. Bei ikishuka mzee haji, na Jumamosi mbili baadaye mto umejaa chupa hadi unasikia zikigongana. Bei ikipanda zinapotea kabla hatujaamka. Nikitaka kujua soko la plastiki liko vipi mjini sihitaji gazeti.

Bonde lenyewe nalo linaondoka. Mto Ng'ombe, unaopita Sinza na Tandale kabla ya kuungana na Msimbazi, umejengwa kingo za zege kupitia mradi wa kuendeleza jiji uitwao DMDP, na kwa wakazi ni nafuu ya kweli. Mafuriko ya vyumbani yamepungua. Ila maji yanayokimbia kwenye zege hayaachi kitu njiani. Taka iliyokuwa inanasa kwenye magugu ya Tandale sasa inafika mbele zaidi, na ndiyo maana siku hizi tunaanzia Salenda, kwenye mikoko, tukiwa tumezama hadi magotini huku Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa 2022, likituangalia kwa juu. Mwaka huohuo Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 kwa ajili ya mradi wa Bonde la Msimbazi. Nyumba zimelipwa fidia na kubomolewa, Jangwani kunajengwa daraja la juu, na kumeahidiwa bustani. Viti kadhaa darasani kwangu vilibaki wazi, wenye navyo wakifuata wazazi wao Chanika na Kivule. Matuta ya yule mama wa mchicha nimeyatafuta, nikaonyeshwa kifusi.

Na pampasi. Kwenye daftari la zamani hazimo. Sasa ndizo zinazoongoza. Hazina bei kwenye mzani wa mzee wetu, haziliwi na ng'ombe, haziungui zikiwa zimelowa, na gari la taka halipiti kwenye vichochoro zinakotoka. Muhula huu klabu ilikaa kikao kuamua la kufanya. Wavulana walitaka tuandike bango la kuwahimiza akina mama warudie nepi za kitambaa. Walishaanza hata kuchagua rangi. Msichana wa kidato cha pili, anayeishi Tandale, akanyoosha mkono.

"Hizo nepi zitafuliwa kwa maji gani? Bomba likikata, kwetu maji ni ya ndoo, ya kununua. Pampasi dukani inauzwa hata moja moja."

Kikao kilinyamaza kidogo, halafu mtu akaomba kikokotoo. Hawakuweza kukamilisha hesabu kwa sababu hakuna aliyejua nepi moja inakula maji kiasi gani. Bango limewekwa kando. Jumamosi ijayo sandarusi zitabaki stoo. Wataingia Tandale na daftari, kuuliza bei ya ndoo ya maji mtaa kwa mtaa na bei ya pampasi moja, na ni nani anayetumwa kuitupa na saa ngapi. Wavulana wamesema wanaona haya kuwauliza mama za watu mambo hayo, kwa hiyo yule msichana ndiye atakayeongoza msafara, na mwenyekiti wa serikali ya mtaa ameshaombwa ruhusa.